Boneti ya Moskvich

Usiku kucha ilianguka bila kubisha hodi.
Asubuhi mlango umegoma, nikausukuma kwa bega,
na nje ni nyeupe pee:
zizi, ua, lundo la samadi kavu ya kuwashia moto.
Hata mbwa amesimama ameduwaa,
anaitafuta njia aliyoijua jana.

Leo haendi mtu popote.
Shule imefungwa. Barabara ya At-Bashy imefungwa.
Na Kubanych, mume wangu, aliyebakiza siku nne
kabla ya kurudi Urusi kujenga maghorofa ya watu,
amekaa anaikodolea macho mikono yake
kama fundi aliyesahau vifaa.

Ndipo mavyaa akasema, bila kuinua uso kwenye unga,
"Ile boneti bado iko nyuma ya banda."

Gari lenyewe lilikufa zamani, Moskvich ya marehemu mkwe.
Injini ikauzwa, viti vikarithiwa na kuku,
boneti ikabaki: ya bluu, pua imebinuka juu kidogo,
utadhani kiwandani walijua
mwisho wake ni mlimani.

Tunaikokota, kamba begani.
Theluji inalia chini ya mabuti, kwaru, kwaru,
baridi inang'ata ndani ya pua.
Emirlan mbele, miaka tisa, kamanda asiyechaguliwa.
Mimi nyuma na chupa ya chai.
Katikati baba mtu amembeba Aiturgan,
miaka mitatu, kafungwa skafu mpaka yamebaki macho,
na macho hayo yananitazama mimi, mimi tu,
yanauliza: huyu atanishusha lini?

Alipoondoka mtoto alikuwa hajaota meno.
Tangu arudi anamwita mjomba.
Mjomba, maji. Mjomba, hicho kiatu changu.
Siku ya kwanza tulicheka.
Siku ya tatu hakucheka mtu.
Nikataka kumsahihisha, Kubanych akasema, mwache.

Haya. Wamekaa.
Emirlan ameshika kamba,
Kubanych nyuma, magoti juu kama panzi,
mtoto katikati, mkavu kama kigogo.
Mpanda ngazi hushuka, tumeambiwa sana,
ila hakuna aliyetuambia
kwamba utamu wenyewe uko kwenye kushuka.

Nasukuma.
Boneti inasita, inafikiri,
kisha inakumbuka kwamba iliwahi kuwa gari

na kofia ya mume wangu inabaki hewani peke yake,
Emirlan anapiga honi kwa mdomo, pi pi piii,
mbwa nyuma yao roho juu,
bonde zima zii, halafu kelele zetu, halafu zii tena,
na kule chini, kwenye uzio wa Jumabai,
pu!
Boneti kifudifudi. Watu hawaonekani.

Nilikimbia, nikaanguka,
robo ya njia nikateleza kwa makalio
(nisiulizwe kuhusu hilo).
Emirlan anatema theluji na kucheka.
Kubanych kalala chali, mikono bado imekunjwa kifuani
kama mtu aliyebeba yai,
na ndani ya mikono hiyo, Aiturgan.
Skafu imeshuka. Mashavu mekundu kama tofaa.
Halii.
Anamtazama usoni, karibu,
karibu kuliko siku zote sita,
na kwa glovu yake ndogo anamfuta theluji ndevuni,
upande huu, kisha upande wa pili,
taratibu, kama mavyaa anavyofuta sahani za wageni.

"Mjomba," anasema,
"tena."

Tukapanda tena. Na tena.
Chai ikapoa, tukainywa hivyo hivyo.
Mara ya saba nilikaa mimi mbele,
na niliyoyapiga ni mayowe, si honi.

Jioni soksi nane zinadondosha maji juu ya jiko.
Tiketi iko kabatini, chini ya sahani ya zabibu kavu,
kila mtu anajua iko wapi.
Boneti hakuirudisha nyuma ya banda.
Ameiegemeza ukutani, karibu na mlango,
pua juu.